Nguruwe Afugwaye Nyumbani Kama Mbwa

Nguruwe ni mnyama aliyefugwa na wanadamu tangu zamani sana. Wataalamu wachunguzao mifupa ya kale hukadiria ya kuwa imepita yapata miaka 9,000 tangu watu wa nchi iitwayo sasa Uturuki walipoanza kumfuga. Na Wachina nao walimfuga kwa njia yao wenyewe, wala hawakufundishwa na watu wa magharibi. Katika muda huo wote kazi yake ilikuwa moja, yaani kunenepa na kuchinjwa. Ng'ombe hutoa maziwa na kuvuta jembe, kondoo hutoa sufu, kuku hutaga mayai. Lakini nguruwe hana ampacho bwana wake akiwa hai, ila samadi.

Tena jina lake halina heshima. Wayahudi na Waislamu wamekatazwa kumla, na katika mfano wa mwana mpotevu, yule kijana alipofikia mwisho wa unyonge wake alipewa kazi ya kulisha nguruwe. Hata katika nchi ambazo nyama yake huliwa kila siku, kumwita mtu nguruwe ni kumtukana. Basi ni jambo la kustaajabisha ya kuwa leo katika Marekani, Kanada na Uingereza wako watu wamfugao nguruwe ndani ya nyumba, wakampa jina, wakamlaza juu ya blanketi, wala hawana nia ya kumchinja kamwe. Jambo hilo lina uzuri wake na lina taabu yake, na aghalabu taabu humwangukia mnyama kuliko mwenye nyumba.

Desturi hii ilienea kwa sababu ya nguruwe wa Vietnam. Katika nchi hiyo, iliyo Asia ya kusini mashariki, wakulima walikuwa na nguruwe wafupi, weusi, wenye mgongo uliobonyea na tumbo lililoning'inia hata kukaribia kuburura chini. Huko walifugwa kwa nyama kama nguruwe wengine wote. Katika miaka ya 1980 wachache waliletwa Kanada kwa ajili ya bustani za wanyama, na kutoka huko uzao wao ukaingia Marekani. Watu wa mijini walipowaona walipendezwa mno, maana nguruwe wa shamba wa nchi zile hufikia kilo 250 na zaidi, na mbele yake hawa wa Vietnam walikuwa kama watoto. Matajiri wakashindana kuwanunua, na bei ya mmoja ikapanda hata kufikia maelfu ya dola. Mchezaji wa sinema George Clooney alikuwa na mmoja aitwaye Max, aliyeishi miaka 18 hata akafa mwaka wa 2006.

Lakini udogo ule ulikuwa udogo wa kulinganisha tu. Nguruwe wa Vietnam akikomaa huwa na kilo 50, au 70, au hata 90, nao ni uzito wa mtu mzima. Anayenunua kitoto cha kubebwa mkononi hana budi kukumbuka neno hilo, na wengi hawakulikumbuka.

Ni nini basi kiwapendezacho watu katika mnyama huyu? Sifa yake ya kwanza ni akili. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa habari za jaribio walilolifanya kwa kioo. Nguruwe waliachwa na kioo kwa saa chache, wakakichungulia na kukizunguka mpaka wakakizoea. Kisha chombo cha chakula kikafichwa nyuma ya kizuizi, mahali ambapo hakikuweza kuonekana ila kwa sura yake ndani ya kioo. Nguruwe 7 kati ya 8 walitazama kioo, wakageuka, wakakiendea chakula pale kilipokuwa hasa. Na kwa wastani walitumia sekunde 23 tu. Lakini nguruwe ambao hawajapata kuona kioo walikwenda kutafuta chakula nyuma ya kioo chenyewe, kama afanyavyo kuku.

Huko Marekani nako nguruwe wanne, ambao majina yao ni Hamlet, Omelette, Ebony na Ivory, walifundishwa kusukuma kijiti kwa pua, na kijiti hicho kikaendesha alama ndogo juu ya kioo cha kompyuta mpaka igonge ukuta uliochorwa humo. Kila walipofaulu walipewa tonge la chakula. Habari zao zilichapishwa mwaka wa 2021, na mambo mawili yaliyoandikwa humo yafaa kukumbukwa. La kwanza, hawa ni wanyama wasio na mikono, wenye macho ya kuona mbali kuliko karibu, na hata hivyo walielewa ya kuwa kijiti hapa huendesha alama kule. La pili, mashine ilipoharibika na chakula kisitoke, waliendelea na kazi kwa ajili ya sauti ya mwalimu wao akiwasifu.

Sifa ya pili ni usafi, ingawa wengi watacheka kusikia hivyo. Nguruwe hugaagaa matopeni kwa sababu hana jasho la kumtosha kupoza mwili. Mtu akiona joto hutoka jasho, mbwa huhema na kutoa ulimi. Nguruwe hutafuta maji, na asipoyapata hutafuta tope. Tope hilo pia humkinga na jua, kwa kuwa ngozi yake, hasa ikiwa nyeupe, huungua kama ngozi ya Mzungu. Lakini akipewa nafasi ya kutosha hatakunya mahali alalapo. Huchagua pembe moja mbali na malazi yake, na huirudia pembe hiyo siku zote. Kwa hiyo nguruwe wa nyumbani hufundishika upesi kwenda nje kwa haja zake. Nguruwe anayelala katika mavi yake ni yule aliyefungiwa katika banda dogo, na lawama ni ya aliyejenga banda.

Sifa ya tatu ni kuambatana na watu wake. Hapa chafaa kisa cha nguruwe mmoja wa Marekani ambaye jina lake lilikuwa Lulu. (Katika Injili watu wameonywa wasitupe lulu mbele ya nguruwe, hapa nguruwe ndiye Lulu.) Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1998 bibi yake alikuwa akipumzika kando ya ziwa Erie, katika jimbo la Pennsylvania, ndani ya nyumba ya magurudumu ivutwayo na motokaa. Mume wake alikuwa hayupo. Ghafula yule mama akashikwa na ugonjwa wa moyo, akaanguka. Akapiga kelele, hakuna aliyesikia. Mbwa wake akabweka, lakini nani ajaliye mbwa abwekaye?

Lulu, ambaye uzito wake ulikuwa kama kilo 70, alimtazama bibi yake, kisha akajipenyeza katika mlango mdogo uliokatwa kwa ajili ya mbwa. Mlango ulimbana ukamchuna ngozi ya tumbo, akatoka damu. Akaenda mpaka barabarani akalala katikati ya njia. Motokaa zikamkwepa zikapita. Mara kwa mara alirudi ndani, kana kwamba anataka kujua hali ya mgonjwa, kisha akatoka tena kulala barabarani. Mwishowe kijana mmoja akasimamisha gari lake. Nguruwe akaondoka, kijana akamfuata mpaka mlangoni, akaita kwamba hapa pana nguruwe aliyeumia. Sauti ikamjibu kutoka ndani ya kuwa naye mwenye nguruwe yu mgonjwa, na aite gari la wagonjwa. Mama yule akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akapona. Lulu akapewa andazi lenye jamu ndani yake, na magazeti ya nchi nzima yakaandika habari zake.

Haiwezekani kujua nini kilikuwa katika moyo wa nguruwe yule. Walakini wasomao kisa hiki wakakimbilia kununua nguruwe, wakitumaini kupata rafiki kama Lulu, walipaswa kwanza kuambiwa habari za upande wa pili.

Pua la nguruwe ni jembe. Limeumbwa kwa mfupa na gegedu, nalo lina nguvu ya kupindua ardhi ngumu ili apate mizizi na wadudu. Kufukua ni kazi aliyozaliwa nayo, wala hawezi kuiacha kwa sababu amelala ndani ya nyumba nzuri. Akikosa udongo atafukua zulia. Akiondolewa zulia atabandua sakafu. Akitolewa nje katika bustani ya maua, jioni bustani itakuwa shamba lililolimwa. Zaidi ya hayo ile akili iliyosifiwa sasa hugeuka kuwa mashaka. Nguruwe mwenye akili asiye na kazi hutafuta kazi. Hujifunza kufungua kabati, hujifunza kufungua friji, na akiisha kujua hasahau.

Chakula nacho ni jambo gumu. Nguruwe aliyeumbwa kushinda mchana kutwa akitafuta riziki haijui shibe kama mbwa aijuavyo. Akipewa kila aombapo atanenepa kupita kiasi, na nguruwe wa Vietnam akinenepa sana mafuta ya usoni huteremka yakafunika macho, akawa kipofu ingawa macho yenyewe ni mazima. Kwa upande mwingine wako wauzaji wawashaurio wanunuzi kumpa kitoto chakula kidogo sana ili asikue. Shauri hilo ni la kikatili. Mifupa yake hudhoofika, tumbo humuuma kwa njaa, naye huwa mkali, maana mwenye njaa hana utulivu. Na maji yasikosekane hata siku moja: nguruwe aliyenyimwa maji, kisha akayapata kwa ghafula, huweza kuingiwa na sumu ya chumvi katika ubongo, akazunguka kama kipofu, akatetemeka, akafa.

Tena nguruwe ni mnyama wa kundi, na katika kundi kila mmoja ana daraja yake. Wakubwa huwasukuma wadogo kwa bega na kuwauma, na mdogo hukubali. Nguruwe akaaye peke yake na watu huwahesabu watu kuwa ndilo kundi lake, na akifika umri wa miaka miwili au mitatu huanza kujaribu daraja yake juu yao. Kwa kawaida hamwanzi yule amlishaye; huanza na mgeni, au na mtoto. Humwendea kwa kichwa kilichoinuliwa, akitikisa taya na kutoa povu, kisha humsukuma. Kumpiga hakufai, maana humfanya aogope au azidi kupigana. Wafugaji wazoefu humfundisha tangu udogo kusogea aambiwapo sogea, na kungoja kabla ya kupewa chakula. Na walio bora zaidi hufuga wawili, ili daraja zao wazimalize wao kwa wao.

Dume asiyehasiwa hafai kuwekwa nyumbani hata kidogo: hunuka, meno yake hukua kuwa pembe, na hasira yake ni ya hatari. Jike naye hutaka dume kila siku 21, na siku hizo huwa msumbufu. Asipotolewa kizazi, mara nyingi uzeeni hupata uvimbe wa tumbo la uzazi. Kwa hiyo wote wawili yawapasa kupelekwa kwa daktari wa wanyama. Nako kumpata daktari ajuaye nguruwe wa nyumbani si rahisi. Madaktari wa mjini wamezoea mbwa na paka, na wa shamba wamezoea nguruwe wachinjwao kabla hawajatimiza mwaka. Nguruwe mzee mwenye kwato zilizorefuka na viungo vinavyouma ni mgonjwa mgeni kwao.

Lakini katika taabu zote, kubwa ni udanganyifu wa sokoni. Wauzaji hutangaza nguruwe wadogo kwa majina mengi ya kupendeza, na huapa kwamba hawatazidi kimo cha paka. Mnunuzi akitaka ushahidi huonyeshwa mama na baba wa kitoto, nao kweli ni wadogo. Hila ni hii: nguruwe huweza kuzaa angali mtoto, kwa maana wengine hushika mimba wakiwa na miezi michache tu, na mimba yenyewe huchukua siku 114, bali kukua huendelea miaka mitatu, au minne, au mitano. Basi mnunuzi aonyeshwapo wazazi, huonyeshwa wazazi ambao wenyewe hawajamaliza kukua.

Mfano wa hayo ni Esther wa Kanada. Mwaka wa 2012 Steve Jenkins, aliyekaa na mwenzake Derek Walter katika nyumba ndogo ya jimbo la Ontario, alipewa kitoto cha nguruwe na mtu aliyefahamiana naye zamani. Akaambiwa ni nguruwe wa namna ndogo, naye hatazidi kilo 30 na kitu. Jenkins akamleta nyumbani bila kumwambia mwenzake, jambo ambalo halikupokewa kwa shangwe. Walipompeleka kwa daktari, daktari akautazama mkia akaona umekatwa. Mkia hukatwa katika mashamba makubwa ya nguruwe wa nyama, ili wasiumane mikia katika msongamano. Basi ilionekana wazi ya kuwa Esther ametoka shambani, na kwamba atakua.

Akakua. Hakusimama kilo 30, wala 100, wala 200. Alifika karibu kilo 300, na bado alikuwa akilala ndani ya nyumba. Wale watu wawili wangaliweza kumuuza kwa mchinjaji, na kisheria hakuna ambaye angewalaumu. Walishindwa. Waliona hawawezi tena hata kula nyama yoyote, wakaiacha. Wakaandika habari za Esther, watu wa nchi nyingi wakazipenda, na kwa michango ya watu hao mwaka wa 2014 wakanunua shamba huko Campbellville, wakalifanya makimbilio ya wanyama wasiotakiwa. Mwaka wa 2018 Esther aliugua, na hakuna mashine ya kumpiga picha ndani ya mwili iliyoweza kumpokea mgonjwa mkubwa namna ile karibu nao. Ikabidi kuchangisha fedha tena ili chuo cha madaktari wa wanyama cha Guelph kipate mashine kubwa. Akaonekana ana saratani ya matiti, akapasuliwa, akaishi hata Oktoba 2023.

Habari ya Esther ilikwisha vema kwa sababu maelfu ya watu walitoa fedha. Nguruwe aliyedanganyiwa kimo chake kwa desturi hapati wachangiaji.

Mbali na hayo iko sheria. Miji mingi ya Marekani hukataza nguruwe ndani ya mipaka yake, hata akiwa na jina na blanketi, kwa kuwa sheria humhesabu kuwa mfugo wa shamba. Katika Uingereza mtu hawezi kuleta nyumbani hata nguruwe mmoja pasipo kuandikisha mahali pake kwa serikali na kupewa namba. Na akitaka kutembea naye kama watu watembeavyo na mbwa, sharti apate kibali na kufuata njia iliyokubaliwa. Pia amekatazwa kumlisha makombo ya jikoni, hata maganda ya viazi yaliyomenywa humo. Sheria hiyo yaonekana ngumu mpaka sababu yake ijulikane. Mwaka wa 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulizuka Uingereza, na chanzo chake kilifuatwa mpaka shamba moja la nguruwe waliolishwa makombo yasiyochemshwa sawasawa. Kabla ya ugonjwa kuzimwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa.

Afrika ya Mashariki nayo inaujua upande huo wa habari. Homa ya nguruwe ya Kiafrika iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza kutoka Kenya, mwaka wa 1921, baada ya nguruwe walioletwa na walowezi kufa kwa wingi. Ngiri wa porini huwa nayo mwilini asiugue. Papasi wakaao katika mashimo yake huichukua. Na nguruwe wa kufugwa akiipata hufa kwa siku chache. Hakuna dawa ya kuiponya. Nayo haimtambui nguruwe wa nyama na nguruwe wa kupendwa: mnyama mmoja alaye makombo ya nyama yenye ugonjwa katika ua wa nyumba aweza kuwa mwanzo wa msiba wa wilaya nzima. Ndiyo maana mkaguzi wa mifugo ana haki ya kumwuliza habari zake mwenye nguruwe mmoja kama amwulizavyo mwenye mia.

Nguruwe wanaoachwa na wenyewe hupelekwa katika makimbilio yaliyoanzishwa na watu wenye huruma huko Marekani, Kanada na Uingereza, na aghalabu makimbilio hayo yamejaa. Wengi huletwa wakiwa na umri wa mwaka mmoja au miwili, yaani wakati ule wameacha kubebeka na wameanza kusukuma wageni. Siku za kwanza hawali vema, husimama karibu na lango walikoletwa. Kisha wenyeji wa kundi huja kuwanusa, huwasukuma, huwauma kidogo masikio, na baada ya juma moja au mawili mgeni naye hupewa nafasi yake ya kulala katika majani, ubavu kwa ubavu na wenzake. Toka hapo huamka asubuhi, huinamisha kichwa, na kufukua mpaka jua litue.